Tupeane uzoefu: tuliokaa karibu na hukumu ya kifo

Mwanzisha mada, Makorora

Ndugu zangu, assalaam aleykum, na wasio Waislamu habari zenu. Kila mjadala wa adhabu ya kifo unapofunguliwa, wanaosema sana ni wale ambao hawajapata kumzika mtu aliyeuawa wala kumpelekea chakula mahabusu wa kesi ya mauaji. Leo naomba waseme waliopitia upande mmojawapo, nami naanza.

Kaka yangu alikatwa panga usiku akirudi kutoka kazini kwa baiskeli, yapata miaka kumi na minne sasa. Aliyemuua tulimfahamu, kwa kuwa walikuwa na ugomvi wa kiwanja. Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia, na hukumu ya kunyongwa iliposomwa nilitoka nje nikalia kwa furaha, jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Nilidhani yamekwisha. Kumbe nchi yetu, Tanzania, haijamnyonga mtu tangu 1994, na mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba hatatia saini hati ya kunyonga. Basi yule bwana amehukumiwa kufa na hafi, na marehemu mama yangu, kila aliposikia habari za wafungwa redioni, aliacha kula akauliza, "Wameshamnyonga?" Aliuliza hivyo mpaka wiki aliyofariki. Nilikuwa natetea kitanzi kwa nguvu zote. Siku hizi naona hukumu ile ilimfunga mama kuliko ilivyomfunga muuaji.

Karani mstaafu wa mahakama, Chumbageni

Pole sana ndugu yangu. Mimi nimeshuhudia upande wa mezani. Watu hudhani jaji hupima adhabu, lakini kwa kosa hili hapimi chochote, kwa sababu kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinampa adhabu moja tu, isipokuwa mkosaji alikuwa chini ya miaka 18 au ni mwanamke mjamzito. Nakumbuka kijana mmoja ambaye wakili wake alisimama baada ya hatia akaeleza umri wake, wazazi wake wagonjwa na namna alivyojisalimisha mwenyewe. Jaji alisikiliza kwa adabu, akaandika, kisha akatamka kilekile ambacho angetamka kama wakili angenyamaza. Ndiyo maana vita yote ya kesi hizi hupiganwa kwenye neno "kukusudia": ukishuka kwenye kuua bila kukusudia, jaji anakuwa huru, kuanzia kifungo kidogo hadi maisha.

Hoja hii si ya jana. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa Dodoma, aliamua kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba; mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni ya kikatili, lakini ikaiacha ibaki kwa maslahi ya umma. Uganda waliondoa ulazima wake mwaka 2009, Kenya 2017, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha iliamua, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, kwamba kumlazimisha jaji namna hii ni kuvunja haki ya kuishi. Mimi si mpinzani wa kifo moja kwa moja. Ninachopinga ni kumkalisha jaji pale kama mhuri.

Dada wa mfungwa, Muheza

Nimesita siku mbili kuandika. Kaka yangu ni mmoja wa waliohukumiwa. Sisemi hakuua, aliniambia kwa kinywa chake kwamba aliua. Miaka ya kwanza, alinieleza, mlango ukifunguliwa saa isiyo ya kawaida alikuwa anaanza kutamka shahada, tamko la imani ambalo Mwislamu hulitamka akikaribia kufa. Sasa amezoea, na kuzoea huko ndiko kunakonitisha zaidi.

Sheria haikutupa mahali pa kwenda kuomba radhi. Nilikwenda mwenyewe kwa mjane wa marehemu, na gunia la mahindi. Mara mbili alinifungia mlango. Mara ya tatu alilipokea.

Ustadhi, Pangani

Dada, Mwenyezi Mungu akupe subira. Huku kwetu Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi yao, Desemba 1889, na wapo wanaosema kitanzi ni mzigo tulioachiwa na wakoloni. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, kwa kuwa kisasi kimo katika dini yetu. Ila Aya ya 178 ya Suratul Baqara, baada ya kutaja kisasi, inawafungulia warithi wa aliyeuawa mlango wa kusamehe na kupokea diya, yaani fidia ya damu. Mahakamani kwetu warithi ni mashahidi tu; hawaulizwi wanataka nini. Mama wa mwanzisha mada angeulizwa, huenda angesema anyongwe, na ingekuwa haki yake. Lakini angekuwa ameulizwa.

Mfanyabiashara, Korogwe

Nimewasoma wote kwa heshima, na sibadiliki. Mdogo wangu aliviziwa kwa ajili ya pikipiki. Mtu anayekaa vichakani akimsubiri binadamu mwenzake amuue, na ushahidi ukakamilika, anyongwe. Namuunga mkono karani kwamba jaji apewe nafasi ya kuchagua, lakini kifo kibaki miongoni mwa anavyoweza kuchagua.

Mwanzisha mada, Makorora

Nimekuelewa, kaka, na wala sikuhukumu, maana nilikuwa hapohapo ulipo. Dada wa Muheza, nina swali moja, na ukiona zito usilijibu: yule mjane alipopokea gunia, alisema nini?

Dada wa mfungwa, Muheza

Aliuliza kama kaka yangu huko aliko anakula vizuri. Sikuweza kutambua kama aliuliza kwa huruma au kwa uchungu. Nilimjibu kwamba anakula, akaingiza gunia ndani.