Mada: Faini ya faranga 100 itaniharibia kibali C, cha ukaazi wa kudumu hapa Uswisi?

Shikamooni wakubwa. Jumatatu asubuhi stesheni, behewa zima linashuka, polisi wawili wakanishika mimi peke yangu: kitambulisho! Nikauliza, kwa nini mimi? Leo imefika Strafbefehl, hati ya adhabu bila kesi: nimekaidi amri, faranga 100, na gharama za ofisi zimeizidi faini yenyewe. Mwezi ujao naomba C. Nilipe ninyamaze, au nipeleke Einsprache, yaani pingamizi?
Baba Neema

Usilipe! Una siku 10 tangu uipokee. Mstari mmoja unatosha, mshtakiwa halazimiki kutoa sababu. Tuma kwa rejista. Mimi nilichelewa siku mbili, nikalipa na machozi juu.
Mama Salim

Kesi ya Wa Baile mmeisahau? Mzaliwa wa Kenya, pasi nyekundu ya Uswisi mfukoni. Alisimamishwa stesheni kuu ya Zürich Februari 2015 akienda kazini, akagoma kutoa kitambulisho, faini 100 kama yako. Mahakama za hapa zote zikamkatalia, mpaka 2024 EU ikaitia Uswisi hatiani.
Kijana wa Bern

EU gani, kaka? Uswisi haimo EU! Ni mahakama ya Strasbourg, ya Baraza la Ulaya, kwa EMRK, Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kifungu 8 cha maisha binafsi na 14 cha ubaguzi. Wala si zote zilimkatalia: mahakama ya utawala ya jimbo 2020 ilikiri ukaguzi ule haukuwa halali, ila suala la kusimamishwa kwa rangi ya ngozi ikaliruka. Strasbourg ikawabana hapo hapo kwenye kuruka. Baba Neema, dai askari aandike alikushuku kwa lipi.
Dada Rehema

Miaka tisa kwa faranga 100! Lakini Malcolm X aliwaambia wakubwa wa Afrika kule Cairo 1964: kesi yetu weusi wa Marekani ipelekeni UN kama haki za binadamu. Ukiiita haki za raia, aliyekuonea ndiye hakimu wako.
Kijana wa Bern

Na nyumbani je? Babu yangu mkoloni alimvalisha kipande shingoni. Mimi nimezaliwa baada ya uhuru, na Eastleigh, Nairobi, nilidaiwa kitambulisho kila kona kwa ajili ya pua hii ya Kisomali. Strasbourg yetu iko wapi?
Mzee Abdi

Mzee wangu, kwa heshima, hiyo mada nyingine.
Dada Rehema

Ni ile ile, binti yangu.
Mzee Abdi

Asanteni, Einsprache nimeituma. Ila kibali C jamani?
Baba Neema

Jumamosi ukija kuchukua sembe, njoo na hiyo barua.
Mama Salim