Eti mimi ndiye naziba mlima Kahuzi?? Huyu gidi wetu, mwongoza njia, leo amenivuka mpaka!

Papa_wa_Kadutu
Nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu bado vimejaa tope, moyo unachemka. Simtaji. Nyote munamujua: yule gidi wa kofia pana yenye kamba chini ya kidevu, anayeshika fimbo kama Musa.

Alituambia vilima vya Kabare ni "kupanda kidogo, kushuka kidogo, hata mtoto anafika". Mtoto gani, wa mbuzi? Ukimaliza kilima kimoja, kingine kimejificha nyuma yake kinakucheka. Mvua ilinyesha usiku, udongo mwekundu unateleza, nusu ya safari nimeifanya kwa makalio. Mama mmoja akatupita na mzigo wa kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akatupa pole bila hata kupumua kwa nguvu.

Hayo yote nimesamehe. Sasa tumefika juu, mawingu yamefunguka, Kahuzi imejitokeza yote. Watu wamejipanga kwa foto. Bwana yule akainua simu, akatazama, akaishusha, akasema mbele ya shemeji yangu: "Papa, sogea pembeni, unatuzibia Kahuzi."

Kahuzi! Mita 3,308! Mlima ambao asubuhi isiyo na ukungu unauona ukiwa Bukavu, umekaa kwako, unakunywa chai! Angesema Biega, mita 2,790, labda ningenyamaza. Lakini Kahuzi?? Shemeji alicheka mpaka akakaa kwenye majani. Na dolari kumi zangu alikuwa ameshazila.

"Unatuzibia Kahuzi." Mbele ya shemeji!

Mwana_Nguba
Pole sana Papa. Tuwekee hiyo foto tuhakikishe kama mlima unaonekana.

Papa_wa_Kadutu
Siweki.

Mwana_Nguba
Basi hauonekani 😂😂

Yaya_Sambaza
Wa kofia na fimbo? Mimi alinipeleka "kuona ziwa". Ziwa tuliliona kwenye dirisha la basi. Halafu akala chapati yangu, akasema ni ada ya gidi.

Volkano_Goma
Watu wa Bukavu munalia kwa vilima? Njooni kwetu. Nyiragongo, volkano yetu, ni mita 3,470, unakanyaga mawe ya lava yanayokula soli, na baridi ya kule juu inagonganisha meno. Papa yule angefika, tungemweka mbele atuzibie upepo.

Papa_wa_Kadutu
Na wewe pia???

Mwana_Nguba
Goma nyamazeni. 2021 mlima wenu ulipokasirika mulikuja kwetu kwa boti na magodoro kichwani.

Volkano_Goma
Tukawaletea fromaji (jibini) ya Masisi, mukaimaliza bila aksanti.

Yaya_Sambaza
Fromaji gani, ile ngumu kama mpira? Na kwa vile tumefika kwenye chakula: kuna mama mmoja sokoni, sambaza (samaki wadogo wa ziwani) anapima kwa kikombe kilichobonyezwa kitako. Unaona kimejaa, ukimwaga nyumbani, hata paka hashibi.

Papa_wa_Kadutu
Jamani tulikuwa kwa Kahuzi.

Motari_Mpole
Yaya, huyo mama mwenye kitenge cha njano? Mimi aliniongezea "nyongeza" tatu, mbili zilikuwa vichwa.

Yaya_Sambaza
Huyohuyo! Fungua uzi wake, nakuja na foto ya kikombe.