Yule mtu na kikokotoo chake cha simu: LEO AMENIVUA NGUO MBELE ZA WATU!!!

Tairi_Moshi (mleta mada)

Wakuu, salamu sina. Nimetoka kwenye mbio sasa hivi, helmeti sijavua, naandika mkono unatetemeka, na si kwa sababu ya usukani.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa kiti cha kukunja. Tangu dunia iumbwe hajawahi kuleta gari, hajawahi kushika jeki, grisi haijawahi kumgusa hata ukucha wa kidole cha mwisho, lakini gari likivuka mstari tu yeye keshatoa simu, keshajaza visanduku vyake viwili, keshakutangazia injini yako ina nguvu za farasi wangapi. Sawa na mganga anayekupima homa kwa kuangalia viatu vyako.

Leo zamu yangu. Nimemaliza mita 402, yaani robo maili, kwa sekunde 13.4. Haya, si muda wa kutambia, tairi zilisaga kidogo pale mwanzo. Kidogo! Narudi taratibu, kioo nimeshusha, nasubiri watu waseme "aisee". Namkuta keshasimama. Akaniuliza uzito. Nikamwambia kilo 1500 na mimi nikiwa ndani, kwa roho safi kabisa, sijui kama najichimbia kaburi. Akabonyeza. Akatikisa kichwa. Akaongeza mwanga wa skrini MPAKA MWISHO, akaigeuza simu kuelekea watu, akasema: "Mia mbili sabini na mbili."

Wakuu. AKAIGEUZA SIMU. Angeninong'oneza ningemsamehe. Angeniandikia kwenye karatasi ningemsamehe. Aliigeuza kama mwamuzi anayetoa kadi nyekundu.

Nina karatasi ya daino mimi, ile mashine ya kupima nguvu za gari! Farasi 340 kwenye magurudumu, ukirudishia wanaoliwa na giaboksi na difu unakaribia 390 kwenye kranki, yaani kwenye injini yenyewe. Nikaitoa kwenye gari, nikaikunjua mbele yake. Unajua alisema nini? "Karatasi haikimbii, bwana."

Halafu kuna mtoto pale, hata meno ya mbele hana, akamvuta baba yake shati: "Baba, farasi wengine wamebaki nyumbani?"

Watu waligaragara. Yule wa taa za kuanzia alikaa chini kabisa. Dereva wa gari la wagonjwa, ambaye kazi yake pale ni kuhurumia watu, alilaza kichwa kwenye usukani, honi ikalia yenyewe. Na simu bado imegeuzwa! Mwanga wote ule! Nina hakika hata waliokuwa angani kwenye ndege waliisoma ile 272.

Sina hoja. Sikuja kujadiliana. Nauliza tu: nani alimnunulia simu?

Gia_ya_Tatu

Nimekaa paleee.

Kobe_wa_Lami

Mimi nilikuwepo. Mleta mada kasahau kuwaambia kwamba alipo"saga kidogo" moshi ulifunika laini zote mbili. Mwenzake aliyekuwa pembeni alizima gari akidhani mbio zimeahirishwa.

Bolti_Legevu

"Farasi wengine wamebaki nyumbani" 😂😂😂 Huyo mtoto apewe uanachama wa jukwaa leo leo. Na cheo.

Tairi_Moshi

Chekeni tu. Siku mkigeuziwa simu mtanikumbuka.

Spidomita

Tuweke utani pembeni dakika mbili. Mkuu, spidi yako ya mwisho pale mstarini ilikuwa ngapi?

Tairi_Moshi

185 kwa saa. Mbona hakuuliza hiyo?!

Spidomita

Basi ugomvi wenu umeishia hapo. Vikokotoo viko vya aina mbili na yeye kakupima kwa kile cha muda. Cha muda kinachukua uzito na sekunde zako, kinadhani uliondoka vizuri kama mtu mwenye akili zake. Kilo 1500 ni pauni 3307. Kwa sekunde 13.4 kweli inatoka 272, hajakudanganya hesabu. Lakini weka spidi: 185 ni kama maili 115. Igawe kwa 234, jibu lizidishe lenyewe mara tatu (jibu × jibu × jibu), kisha zidisha kwa pauni zako. Inatoka 392. Karibu sawasawa na karatasi yako.

Sababu ni kwamba tairi zikizunguka bure pale mwanzo unapoteza muda ambao haurudi tena, ila spidi ya mwisho haidhuriki sana. Wanaipima kwenye futi 66 za mwisho tu, kama mita 20, na ukifika huko moshi wako ulishapeperuka zamani. Gari la 392 na uzito huo lilitakiwa limalize kwenye 11.8 au 11.9. Wewe 13.4. Futi 60 za mwanzo ulitumia muda gani?

Tairi_Moshi

Tiketi ya muda imelowa.

Kobe_wa_Lami

Sekunde 2.5. Nilimsomea mwenyewe. Watu wanaopata 11.8 huwa wanazungumzia 1.7 hivi.

Bolti_Legevu

Kwa hiyo gari lina farasi 392 na dereva ana 272. Uzi ufungwe.

Gia_ya_Tatu

Bolti umeua mtu 😂

Tairi_Moshi

Mmeona sasa? 392! Yaani NILIKUWA NA HAKI halafu bado aliigeuza simu! Nikiwa na farasi wangu wote 392 wamesimama pale kimya wanasikiliza wanavyotukanwa! Naomba mtu amfikishie yule mtoto kwamba hakuna aliyebaki nyumbani. Wote walikuja. Wote!

Klachi_Imeungua

Labda ulichelewa taa ikiwa kijani, mkuu, ndiyo maana muda ukawa mbaya.

Spidomita

Hapana. Saa inaanza gari likitoka kwenye mwale wa mwanga pale mstari wa kuanzia, si taa inapowaka. Unaweza kusinzia kwenye kijani ukashindwa mbio na bado ukaondoka na muda mzuri. Hicho ni kitu kingine kabisa.

Mzee_wa_Kabureta

Vijana mnapigana na mnachopigania hamkijui. Hiyo 234 ya Spidomita ni ya Patrick Hale, mtu wa hesabu za mbio. Kabla yake mwandishi wa magari Roger Huntington alikuwa na 225. Chukua gari lile lile, kilo zile zile, spidi ile ile, weka 225 badala ya 234: inatoka 441. Farasi 49 wamezaliwa bila kufungua boneti. Sasa nenda kwenye vikokotoo vya intaneti, kingine kinatumia cha huyu, kingine cha yule, na kwenye ukurasa hakuandikwa lolote, sanduku tu na kitufe. Halafu uzito. Hizo kilo 1500, mwanangu, ulipima wapi?

Tairi_Moshi

Kwenye kadi ya gari, Mzee. Nikajumlisha mimi.

Mzee_wa_Kabureta

Kadi ya gari. Viti vya nyuma ulishatoa?

Tairi_Moshi

Ndiyo Mzee.

Mzee_wa_Kabureta

Tairi ya akiba?

Tairi_Moshi

Ndiyo.

Mzee_wa_Kabureta

Zulia, spika, milango ya ndani?

Tairi_Moshi

...ndiyo.

Mzee_wa_Kabureta

Basi tuseme uko kwenye 1400. Ile 392 yako sasa ni 366. Na kama upepo ulikuwa unakusukuma mgongoni, punguza tena, maana spidi inazidishwa yenyewe mara tatu na kila kosa dogo linanenepa mara tatu. Upepo ukikuongezea kilomita mbili tu kwa saa ni farasi kama 12. Mizani ya magari ipo, mpeleke huyo mnyama akapimwe, ujae na mafuta na helmeti yako hiyo usiyoivua.

Bolti_Legevu

Jamani wanazidi kupungua. Uzi ukifika ukurasa wa pili atakuwa anaendesha baiskeli.

Mama_Klachi

Ngojeni kwanza. Nilijua hili jina nimelikuta mahali. Nimechimba nyuzi za zamani. Tairi_Moshi, mwaka jana si wewe ulileta uzi wenye kichwa "NIMEPIGA HESABU, GARI LANGU LINA FARASI 741, WENYE WIVU MJIPANGE"?

Gia_ya_Tatu

ATI 741???

Kobe_wa_Lami

Dada Mama_Klachi nakuheshimu sana kuanzia leo.

Spidomita

Hahaha subirini. 741. Najua ilikotoka. Kikokotoo kilitaka pauni na maili, yeye akajaza 1500 na 185, yaani kilo na kilomita. Jaribuni wenyewe, inatoka 741 kamili. Angekosea kilomita peke yake angepata zaidi ya 1600, angetuletea roketi. Angekosea kilo peke yake angepata 178 na tusingeusikia huo uzi maisha yetu yote.

Tairi_Moshi

Hayo yalikuwa makosa ya kuandika. Na sikumgeuzia mtu simu!

Mama_Klachi

Uliweka picha ya skrini, kaka. Umeizungushia duara jekundu. Mwanga mpaka mwisho.

Bolti_Legevu

Nalia.

Upepo_wa_Turbo

Nyie mnalia na simu ya bure, mimi nililia na daino ya kulipia. Kuna mpimaji mmoja, wenyewe mnamjua, haulizi gari, anakuuliza wewe: "Unataka namba ya kufurahi au namba ya kweli?" Nikadhani utani. Kumbe kwenye kompyuta yake anachagua marekebisho ya hewa: ile STD inadhani hewa ni nyuzi 15 na ushei, SAE inadhani nyuzi 25 na hewa nyepesi kidogo. Gari lile lile, mzunguko ule ule, STD inakuja juu kama asilimia 4. Anakuchapia STD, unaondoka unacheka, unakutana na mwenye SAE unaonekana mwongo. Na mtu aliyepimwa kwenye daino ya rola nzito inayozungushwa tu, halafu mwenzake kwenye daino inayokaba, wanatukanana mwaka mzima.

Klachi_Imeungua

Wa kwangu alipima injini ikiwa imechemka, akaniambia ndivyo ilivyo. Boneti imefungwa. Feni imezimwa. Nikamuuliza feni je? Akasema ina kelele.

Kilima_Kirefu

Wote mna bahati. Sisi tunaokimbia kwenye nyanda za juu, mita 1500 juu ya bahari, hewa yenyewe hakuna. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 kila mita 300, kwa hiyo mimi naanza mbio nimeshaibiwa asilimia 15 hata taa hazijawaka. Halafu mtu wa pwani, injini kama yangu, ananitumia muda wake usiku wa manane na alama ya kucheka. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

Upepo_wa_Turbo

Weka turbo.

Kilima_Kirefu

Haya, nani kamwita huyu?

Mzee_wa_Kabureta

Na nyie nyote mnahesabu robo maili. Top Fuel, yale magari ya mbio makali kuliko yote kule Marekani, tangu 2008 wanaishia futi 1000, mita 305, baada ya kifo cha dereva Scott Kalitta. Chukua muda wa mita 305 ukaulishe kikokotoo cha mita 402 uone kitakavyokutapikia. Wapo wanaofanya hivyo. Hapa hapa jukwaani.

Tairi_Moshi

Wazee wangu, tunarudi kwenye mada? ALIIGEUZA SIMU.

Kobe_wa_Lami

Tumesikia mkuu. Kwani mnaposema farasi mnamaanisha farasi yupi? Wa wati 746 au ule wa wati 735 unaotumika Ulaya? Jirani yangu kila akibishana anabadilisha farasi katikati ya sentensi.

Bolti_Legevu

Farasi aliyebaki nyumbani.

Mama_Klachi

Mimi farasi siwajui wala sitaki kuwajua, nina kilio changu. Mtu aliyeniazima soketi namba 10 kwenye mbio zilizopita, akasema "dada dakika mbili", sitamtaja. Nimefunga betri kwa koleo wiki nzima. KOLEO. Huyo mtu anajijua.

Klachi_Imeungua

Soketi namba 10 haipotei, inaitwa na mababu. Mimi nimenunua tano, nina sifuri.

Upepo_wa_Turbo

Yangu iko ndani ya chesesi mahali. Nikikata kona kushoto naisikia.

Gia_ya_Tatu

Afadhali soketi. Kuna mtu aliniazima jeki akairudisha imevuja mafuta, akaniambia "ilikuwa hivyo hivyo". Jeki ilikuwa kwenye karatasi yake!

Kilima_Kirefu

Dada Mama_Klachi toa dalili tu, jukwaa litamaliza kazi.

Mama_Klachi

Dalili? Gari halina viti vya nyuma. Halina zulia. Halina spika. Alikuwa anavua milango ya ndani "kupunguza uzito".

Kobe_wa_Lami

😂😂😂😂😂

Spidomita

Mzee, naomba turudie hesabu ya uzito, kuna soketi ya dada wa watu hatukuijumlisha.

Mzee_wa_Kabureta

Gramu 40 hivi. Haibadilishi kitu. Airudishe tu.

Tairi_Moshi

Iko kwenye droo, chini ya karatasi ya daino. Nitaileta Jumamosi, dada.

Klachi_Imeungua

Mkuu ukiwa unatafuta humo, angalia kama kuna na namba 12.