Kundi la familia: Marekani alinunua au alipora?

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Mjomba Shaabani upo hewani? Nina swali la Historia: vita na upanuzi wa mipaka viliifanyaje Marekani kuwa taifa kubwa duniani. Tunakusanya kesho asubuhi 😭

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. La kesho asubuhi ndo unalileta saa tatu usiku?

Mjomba Shaabani: Marahaba. Nipo. Umeandika nini hadi sasa?

Zuhura: Kwamba walikua kwa kununua zaidi kuliko kupigana. Louisiana 1803 kutoka Ufaransa, Florida 1819 kutoka Hispania, Alaska 1867 kutoka Urusi.

Mjomba Shaabani: Alaska sawa, dola milioni 7.2, hakuna risasi iliyopigwa kati ya Mrusi na Mmarekani. Florida Jenerali Andrew Jackson aliingia na jeshi 1818, Hispania ikaja kusaini mwaka uliofuata. Sasa hiyo Louisiana, jiulize kwa nini Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliuza.

Zuhura: Alitaka hela za vita?

Mjomba Shaabani: Hilo lipo. Lakini kwanza jibu ni Haiti, koloni la Ufaransa la sukari. Napoleon alipeleka jeshi kubwa kule kuwarudisha watu weusi kwenye utumwa. Homa ya manjano na wale waliokuwa watumwa wakalimaliza, hata kamanda mwenyewe, Leclerc, shemeji yake Napoleon, akafa 1802. Louisiana ilikuwa ya kuilisha Haiti; bila Haiti haikuwa na kazi tena kwake. Akaitoa yote kwa dola milioni 15. Eneo linaingia Tanzania mbili na linabaki.

Shangazi Mwajuma: Kumbe waliomwaga damu ni Wahaiti, aliyepata shamba ni mwingine

Mjomba Shaabani: Na Marekani haikuitambua Haiti mpaka 1862. Mwaka 1915 ikapeleka wanajeshi wake, wakakaa miaka 19.

Zuhura: Hii haipo kwenye notsi zetu kabisa

Mjomba Shaabani: Iandike. Na uandike kwamba wenyeji, yaani Wasioux, Wacheyenne na Waosage waliokuwa wakiishi kwenye ardhi hiyo hakuna aliyewauliza. Ufaransa iliuza haki ya kudai. Kuichukua ardhi yenyewe kulikuja baadaye, kwa vita na mikataba iliyovunjwa, karibu karne nzima.

Idrisa (San Antonio): Shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi. Nipo kazini, nimechungulia tu. Mimi naishi kwenye ardhi hiyohiyo mnayoizungumzia 😂

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Wewe ndo huonekani humu mpaka watajwe Wamarekani

Mjomba Shaabani: Marahaba Idrisa. Hapana, Texas ni habari nyingine. Ilijitenga na Meksiko 1836, Marekani ikaichukua 1845.

Idrisa (San Antonio): Ndiyo, na Alamo, ile ngome waliyopigania walowezi wa Texas dhidi ya Meksiko 1836, ipo katikati ya mji huku. Watalii wanajaa. Wanakueleza sana habari za ushujaa. Kwamba Meksiko ilikuwa imepiga marufuku utumwa na walowezi wengi walikuja na watumwa wao, hilo linapita harakaharaka.

Mjomba Shaabani: Umenena. Sasa Zuhura sikiliza hapa, maana hapa ndipo hoja yako inapoanguka. Mwaka 1845 Rais Polk alimtuma mjumbe, John Slidell, kwenda Meksiko kununua California na New Mexico. Aliruhusiwa kutoa zaidi ya dola milioni 20. Wameksiko wakakataa hata kumpokea. Polk akapeleka jeshi mpaka mto Rio Grande, kwenye ardhi yenye mgogoro. Risasi zikalia Aprili 1846, akaenda kuliambia Bunge kwamba damu ya Wamarekani imemwagwa kwenye ardhi ya Marekani.

Zuhura: Wakamwamini?

Mjomba Shaabani: Wengi. Mbunge mmoja kijana wa Illinois akataka aonyeshwe ni mahali gani hasa damu hiyo ilimwagika. Abraham Lincoln huyo. Hakujibiwa. Wakati huo jeshi lilikuwa limeshaingia mji mkuu wa Meksiko tangu Septemba 1847. Mkataba ukasainiwa Februari 1848. Ukijumlisha na Texas, Meksiko ilipoteza karibu nusu ya nchi. Na Marekani ikalipa milioni 15.

Zuhura: Subiri. Ikalipa?? Imeshinda vita halafu inalipa?

Mjomba Shaabani: Inalipa, tena pungufu ya ile ya kabla ya vita.

Shangazi Mwajuma: Mtu anakuja kununua shamba lako na panga mkononi, akiondoka anakuachia na risiti 🙆🏾‍♀️

Idrisa (San Antonio): Na dhahabu ilikuwa imeshaonekana California siku tisa kabla ya kusaini. Mezani hapakuwa na aliyejua.

Zuhura: Nalia. Na 1898 je?

Mjomba Shaabani: Mchezo uleule. Meli ya kivita ya Marekani, Maine, ililipuka Februari 1898 bandarini Havana, Kuba, koloni la Hispania, wakafa zaidi ya 260. Magazeti yakapiga kelele ni Hispania. Uchunguzi wa Admirali Rickover wa 1976 ulisema huenda ni moto wa makaa ndani ya meli yenyewe. Marekani ikapigana na Hispania, vita vikaisha ndani ya miezi minne. Puerto Rico, Guam na Ufilipino zikachukuliwa, na kwa Ufilipino Hispania ikalipwa milioni 20. Hawaii nayo ikamezwa mwaka huohuo, ingawa malkia wao Liliʻuokalani alikuwa amepinduliwa tangu 1893.

Idrisa (San Antonio): Wafilipino si walishatangaza uhuru?

Mjomba Shaabani: Juni 12, 1898, chini ya kiongozi wao Aguinaldo. Wakapigana na Marekani tangu 1899. Wanajeshi wa Marekani waliokufa ni kama 4,200. Raia wa Ufilipino, kwa hesabu ya Wamarekani wenyewe, labda 200,000 kwa risasi, njaa na kipindupindu. Uhuru wakaupata 1946.

Shangazi Mwajuma: Lakini Shaabani usimpotoshe mtoto. Vita peke yake havikutosha. Hispania nayo ilipigana karne ngapi?

Mjomba Shaabani: Kweli kabisa, dada. Zuhura, weka aya ya viwanda. Kufikia miaka ya 1890 walishaipita Uingereza kwa chuma, na bila chuma hakuna meli za kupiga Manila kule Ufilipino.

Shangazi Mwajuma: Na huku kwetu waliacha? Bibi alikuwa akihadithia merikani, ile nguo

Mjomba Shaabani: Huku walikuja na majora, siyo mizinga. Walifunga mkataba na Sayyid Said 1833, nguo kwa pembe na sandarusi. Walipopata soko bila vita hawakujisumbua.

Zuhura: Basi nabadilisha hoja: walipigana kwanza, wakalipa baadaye. Mfano wa mwisho niweke upi?

Mjomba Shaabani: Guantánamo, kambi ya jeshi la majini la Marekani kule Kuba. Walilazimisha Kuba iwakodishe 1903. Mpaka leo kodi ni dola 4,085 kwa mwaka, na hundi inapelekwa.

Zuhura: Kwa MWAKA?

Idrisa (San Antonio): Mimi nyumba yangu hapa inakula zaidi ya hiyo kwa miezi mitatu

Mjomba Shaabani: Castro, aliyekuwa kiongozi wa Kuba, alitoa pesa ya hundi moja tu, ya 1959. Zilizofuata alizitupia kwenye droo ya meza yake.

Shangazi Mwajuma: Huyo ningempa binti yangu 😂😂