Uchunguzi wa mifupa kama fani ya pili: nibaki biolojia, au nihamie akiolojia au anatomia?

mwaka_wa_pili: Wakuu habarini. Nasoma biolojia. Tangu miili ya waumini waliofunga hadi kufa ianze kufukuliwa Shakahola, Kenya, Aprili 2023, moyo wangu uko kwenye anthropolojia ya jinai, yaani kuchunguza mifupa ya marehemu kwa ajili ya upelelezi. Chuo kinaniruhusu kuichukua kama fani ya pili. Je, fani kuu niibadilishe?

Chepe na Mwiko: Hamia akiolojia. Kaburi unaanza kulisoma kabla hujaona mfupa. Ukikwangua udongo taratibu kwa mwiko, palipochimbwa pakafukiwa panajitokeza penyewe: rangi imechanganyika, udongo laini kuliko wa kando. Atakayeingia na jembe amefuta ushahidi. Halafu kuna chekeche. Kifundo cha mkono kina vifupa vinane, vingine kama punje ya mahindi, na usipochekecha vinabaki shimoni. Hata Argentina mwaka 1984, mtaalamu wa mifupa Mmarekani Clyde Snow alipokwenda kusaidia kutafuta waliopotezwa na utawala wa kijeshi, alianza na wanafunzi wa akiolojia, anthropolojia na udaktari.

Bi Mtulinga: Na hao wa udaktari usiwapite haraka, kaka. Mfupa ukishatoka, nani anausoma? Ncha ya mtulinga upande wa kidari huchelewa kuungana na mfupa wake, mara nyingi hadi miaka ya ishirini na kitu. Asiyejua hilo atamwandika kijana kuwa mtu mzima. Kinachoniuma zaidi ni kanuni za kukadiria kimo kwa fupa la paja. Zile za watafiti Trotter na Gleser za 1952 zilitokana na mifupa ya Wamarekani, na bado tunawapimia watu wetu. Mdogo wangu, soma anatomia uje utupimie za kwetu.

Baba Wawili: Mimi nasema abaki. Shakahola familia zilitoa sampuli zikasubiri majibu ya vinasaba, na miili ya kwanza ikakabidhiwa Machi 2024. Karibu mwaka mzima mtu hajui amzike nani! Mwenye biolojia anaingia maabara hizo, na ajira yake haitegemei mifupa peke yake. Nafasi za mifupa tupu huku kwetu ni za kuhesabu.

Bi Mtulinga: Hapo kwenye ajira sina ubishi.

mwaka_wa_pili: Asanteni sana. Biolojia nabaki nayo, ila masomo ya hiari nachukua anatomia ya mifupa. Chepe, likizo mnapokea wa kujitolea?

Chepe na Mwiko: Njoo Julai. Utaanzia kwenye chekeche.