Muuguzi amkumbusheje daktari bingwa kutakasa mikono?

Muuguzi, Moshi
Wakubwa zangu, shikamooni. Ninafanya kazi katika wodi ya upasuaji ya hospitali moja hapa Moshi. Raundi ya asubuhi inapoanza, daktari bingwa hutangulia, nasi wauguzi, wanafunzi na madaktari walio katika mafunzo kwa vitendo tunamfuata. Akitakasa mikono kabla ya kufungua kidonda cha mgonjwa wa kwanza, wote hufanya hivyo bila kuambiwa. Akipita moja kwa moja kutoka kitanda kimoja hadi kingine, chupa ya kitakasa mikono iliyotundikwa miguuni pa kitanda haiguswi na mtu. Jukumu la kusimamia udhibiti wa maambukizi wodini nimepewa mimi, lakini kumkatiza mkubwa mbele ya wagonjwa huhesabiwa utovu wa adabu. Nifanyeje?

Muuguzi mstaafu, Arusha
Marahaba, mwanangu. Jambo hili lisitegemee ujasiri wako peke yako. Nenda na muuguzi kiongozi wa wodi mkamwone daktari huyo faragha kabla ya raundi, mumwombe atamke mwenyewe mbele ya timu yake kwamba yeyote, hata mwanafunzi, ana ruhusa ya kumkumbusha. Akishasema hivyo, siku utakayomsogezea chupa na kusema, "Daktari, mikono," utakuwa unatekeleza agizo lake.

Daktari, Moshi
Ninaunga mkono, na ninakiri kwamba ugumu huu ni wa taaluma yetu tangu zamani. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wanawake waliokuja kujifungua. Vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana, na bado wakubwa wengi walimpinga. Karibu na zama zetu, daktari Didier Pittet na wenzake wa Geneva, Uswisi, waliripoti kwamba usafi wa mikono hospitalini kwao ulipanda kutoka asilimia 48 mwaka 1994 hadi asilimia 66 mwaka 1997, lakini waliobadilika ni wauguzi, si madaktari. Semina zinazoitwa kwa ajili ya wauguzi tu zinamwacha nje anayeigwa na wodi nzima.

Afisa afya, Arusha
Tusisahau vifaa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kitakasa chenye alkoholi huchukua sekunde 20 hadi 30, maji na sabuni sekunde 40 hadi 60. Chupa zikiwa tupu na sinki likiwa mwisho wa korido, hata daktari mwenye nia njema atashindwa katika wodi iliyojaa. Glovu nazo hazitoshi: zibadilishwe kwa kila mgonjwa, na mikono itakaswe baada ya kuzivua.

Muuguzi, Moshi
Ninawashukuru sana. Nitaanza na muuguzi kiongozi. Je, wagonjwa nao waambiwe wamkumbushe daktari?

Muuguzi mstaafu, Arusha
Waruhusiwe, lakini wasiachiwe kazi hiyo. Mgonjwa anayesubiri kufunguliwa kidonda na daktari huyo huyo anaogopa kusema kuliko wewe.