Mjadala: Mama aliyepata kiharusi arudishiwe homoni za kike?

Wana-Tanga, hili naomba tulijadili waziwazi, kwa sababu Ngamiani na Makorora linanong'onwa tu, na huku vidonge vinamezwa. Hoja yenyewe ni hii: mwanamke anayeona siku zake hapati kiharusi kirahisi, hedhi ikikoma, kinga imeondoka, basi aliyepooza arudishiwe homoni zake na ubongo utapona. Wengine wamefika mbali, wanamnunulia bi mkubwa vidonge vya majira duka la dawa, kwa kuwa homoni ni homoni.

Mimi nasema asipewe. Ila wenye hoja hii siwaiti wajinga, maana mwanzo wake ni kweli na umechunguzwa maabara kwa miaka mingi.

Panya jike mchanga akizibwa mshipa wa ubongo, sehemu inayokufa huwa ndogo kuliko ya dume. Akitolewa ovari (mifuko ya mayai), nafuu hiyo hupotea. Akipewa estrojeni, homoni kuu ya kike, hurejea. Estrojeni hutanua mishipa ya damu, hutuliza uvimbe wa ndani unaofuata jeraha, na husaidia seli za pembezoni zisife. Hata ubongo wenyewe, ukiumia, huanza kutengeneza estrojeni kandokando ya jeraha kutokana na testosteroni, homoni ya kiume, na hufanya hivyo kwa dume pia. Mtu akisoma hayo, kwa nini asitamani kumpa mama yake?

Tatizo ni kwamba panya wengi wa majaribio hayo walikuwa vijana. Maabara ya Farida Sohrabji, Chuo Kikuu cha Texas A&M kule Marekani, ilichukua panya majike wa makamo waliokwisha kukoma uzazi. Kiharusi kiliwaumiza zaidi kuliko vijana, na walipopewa estrojeni hali ikawa mbaya zaidi badala ya kupungua. Homoni ile ile, mwili mwingine, matokeo kinyume. Hapo ndipo mjadala wote ulipo, na ndipo wauza vidonge wanapopita kimya.

Kwa binadamu nako limejaribiwa. Mwaka 2001 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliowahusisha wanawake 664 waliokoma hedhi na waliokuwa wametoka kupata kiharusi au dalili zake za kupita. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 71. Nusu walipewa estrojeni, nusu kidonge kisicho na dawa. Estrojeni haikuzuia kiharusi kingine wala kifo. Viharusi vya kuua vilikuwa karibu mara tatu kwa waliopewa homoni, na waliopata kiharusi kingine wakanusurika walibaki na ulemavu mkubwa kidogo kuliko wenzao. Projesteroni, homoni nyingine ya kike, nayo iliangushwa na majaribio mawili makubwa ya watu walioumia kichwa, matokeo yake yakatoka 2014: wagonjwa zaidi ya 2,000, hakuna faida iliyoonekana, ingawa kwa panya ilikuwa imeng'ara.

Kwa nini? Kidonge cha estrojeni kikimezwa hupitia ini kwanza, na ini huongeza vitu vinavyogandisha damu. Kwa mama wa miaka 68 mwenye presha ya miaka mingi, mishipa imekwisha kukakamaa na kujaa mafuta. Mshipa wa namna hiyo hautanuki kama wa kijana, ila damu inaganda vilevile. Unampa hatari bila kumpa kinga.

Sasa pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote: "Hao ni wanawake wa Marekani, wazee wa miaka 71. Kwetu kiharusi kinampiga mtu wa miaka 48." Ni kweli, kwetu kinakuja mapema. Ni kweli pia kwamba umri na muda tangu hedhi ikome unabadilisha mambo, na kwa hiyo mwanamke aliyekoma hedhi mapema mno, au aliyetolewa ovari akiwa kijana, madaktari humpa homoni hadi umri wa kawaida wa kukoma. Lakini huyo hupewa baada ya kupimwa na kufuatiliwa, na akiwa amekwisha kupata kiharusi hesabu inabadilika kabisa. Ikiwa wanawake wetu hawamo kwenye tafiti hizo, tudai waingizwe. Tanga tuna kituo cha utafiti wa magonjwa ya binadamu hapa hapa Bombo. Kukosa utafiti si ruhusa ya kumfanyia majaribio mama nyumbani.

Kuna kundi la pili, linalopiga kelele kwamba homoni zote ni sumu na kila msichana atupe majira yake. Hao nao wanaumiza watu. Utafiti mkubwa uliosimamishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha viharusi 29 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka kwa waliomeza homoni mbili za ukomo wa hedhi, dhidi ya 21 kwa wasiomeza. Nane wamezidi, si jambo la kupuuza, wala si kila mmezaji anapooza. Kwa kijana mzima asiye na presha hatari ya majira ni ndogo sana, na mimba yenyewe, hasa ikiingia kifafa cha mimba, huleta kiharusi pia.

Wanaopaswa kukaa mbali na majira yenye estrojeni wanajulikana: aliyewahi kupata kiharusi, mwenye presha ya 160 kwa 100 kwenda juu, mwenye kipanda uso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Hao Shirika la Afya Duniani limewaandika wazi, na kitanzi cha shaba kwao kipo, hakina homoni. Muuzaji wa dawa hapa mjini akiuliza maswali hayo matatu na kupima presha, anatumia dakika ngapi? Najua jibu la wengine: sharti la kupima litamnyima dada wa Mkinga au Pangani ambako mashine haipo. Sawa, asinyimwe. Mjini mashine zipo, na kuuliza hakuhitaji mashine.

Kinachoniuma hasa ni pesa na muda. Utafiti wa 2003 hadi 2006 ulikuta viharusi karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na karibu 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Nyuma ya idadi hiyo kuna presha isiyotibiwa. Familia inayonunua homoni kila mwezi mara nyingi imemwachisha mama dawa za presha, na mazoezi ya mkono na mguu hayafanywi, wakati miezi ya mwanzo ndiyo ubongo unajifunza upya kwa kasi.

Kwa hiyo nauliza, na nataka majibu ya kweli. Wewe uliyempa mama homoni: ana umri gani, kidonge gani, nani alikwambia, na presha yake siku hiyo ilikuwa ngapi? Nanyi madaktari na wauguzi mnaosoma hapa: mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kurudi nyumbani, je, kuna anayemuuliza kama anatumia majira, sindano au dawa za ukomo wa hedhi?